Mke wa 1976, Mama wa 1978: Umri wa Mapenzi katika Sinema ya Kihindi



Mwaka 1976 mwongozaji Yash Chopra alitoa picha iitwayo Kabhi Kabhie. Humo Waheeda Rehman ni mke wa Amitabh Bachchan. Mwaka 1978 mwongozaji huyohuyo akatoa Trishul, na safari hii Waheeda Rehman ni mama mzazi wa Amitabh Bachchan. Imepita miaka miwili tu. Rakhee naye, ambaye katika Kabhi Kabhie ndiye kipenzi cha Amitabh, yule msichana aliyetungiwa mashairi kisha akaozwa kwa mwingine, alipofika mwaka 1982 akapewa kuwa mama wa Amitabh katika Shakti. Amitabh alizaliwa 1942. Rakhee alizaliwa 1947. Mama alikuwa mdogo kuliko mwanawe kwa miaka mitano.

Sikuyataja haya kwa kuwalaumu waliocheza. Hawa ni waigizaji wakubwa, na Waheeda Rehman katika Guide ya 1965 amefanya kazi ambayo sijaona mfano wake. Nimeyataja kwa sababu picha ya mapenzi ya Kihindi, tangu siku za Raj Kapoor na Nargis, imesimama juu ya ahadi kwamba mapenzi hayazeeki, nayo ikawawekea wanawake walioyaigiza mapenzi hayo mpaka wa karibu mno. Mara nyingi mpaka huo ulikuwa harusi. Harusi iliyofunga hadithi ndiyo iliyofunga na kazi ya mwigizaji. Mwanamume alioa, akapumzika kidogo, akarudi kuwa kijana wa mapenzi kwa miaka ishirini mingine, kila mara na binti mpya pembeni yake. Nataka tuelewe jambo hili lilifanyikaje, na sisi watazamaji tulikuwa wapi.

Tuanze na fedha. Soko la sinema nchini India liligawanywa kimaeneo: Bombay peke yake, Delhi na Uttar Pradesh, Punjab, na kadhalika, na nchi za nje zikahesabiwa kama eneo jingine. Wasambazaji wa kila eneo walitoa malipo ya awali kabla picha haijakamilika, wakati mwingine kabla hata haijaanza kupigwa. Walichokuwa wananunua ni jina, na jina hilo lilikuwa la stelingi wa kiume. Binti aliyecheza naye alibadilishwa bila mkataba kutetereka. Mtayarishaji akisikia kwamba mwigizaji wake wa kike ameposwa, alihofu mambo mawili: mimba itakayosimamisha kazi, na mtazamaji atakayeshindwa kuamini kwamba mke wa fulani anampenda mwingine. Hofu ya kwanza ina maana yake. Ya pili haikuwahi kumgusa mwanamume. Mwigizaji Dilip Kumar alimwoa Saira Banu mwaka 1966, na hakuna mtazamaji niliyesikia kwamba aliona shida kumwamini baada ya hapo.

Ipo picha moja iliyolisema jambo hili waziwazi, nayo ni Abhimaan ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee. Nitakaa nayo kidogo. Subir ni mwimbaji maarufu wa mjini. Anakwenda kijijini kwa shangazi yake, anamsikia Uma akiimba, anampenda, anamwoa. Siku ya karamu yao anamtaka waimbe pamoja mbele ya wageni, na mgeni mmoja mwenye sikio zuri anatambua papo hapo kwamba mke ana kipaji kuliko mume, akaingiwa na wasiwasi juu ya ndoa ile. Uma hakuomba umaarufu. Mume ndiye anayemsukuma arekodi nyimbo, na watu wanapoanza kumtaka Uma kuliko Subir, mume ndiye anayenuna, analewa, anamwacha arudi kwa baba yake akiwa mjamzito. Mimba inaharibika. Uma ananyamaza, hasemi wala halii. Anakuja kuponywa jukwaani, akiimba na mume wake.

Mwisho huo siupendi. Aliyeumiza ndiye anayepewa kazi ya kuponya, na picha inamsamehe upesi kuliko anavyostahili. Lakini saa nzima inayotangulia ni ya kweli kiasi cha kutisha, na ukweli wake unaongezeka ukijua waliocheza ni akina nani. Uma ni Jaya Bhaduri, msomi wa chuo cha filamu cha Pune, aliyekuwa na jina tangu Guddi ya 1971. Subir ni Amitabh Bachchan, ambaye kabla ya Zanjeer kutoka mwezi Mei 1973 alikuwa na rundo la picha zilizoanguka. Walioana tarehe 3 Juni 1973. Abhimaan ikaingia kumbini mwezi Julai. Watazamaji wakamwona bwana arusi halisi akimwonea wivu bibi arusi halisi, na bibi arusi ndiye aliyepewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike.

Baada ya hapo Amitabh alipanda hadi pasipofikika. Jaya alicheza chache: Mili na Sholay mwaka 1975, nyingine mbili tatu, kisha Silsila mwaka 1981, akatulia nyumbani na watoto. Tulimwona tena katika nafasi kubwa mwaka 1998, katika Hazaar Chaurasi Ki Maa, akiwa mama anayefiwa na mwanawe. Mwenyewe alichagua kulea, na uchaguzi huo nauheshimu. Ninachouliza ni kwa nini, katika nyumba zote zile, uchaguzi uliangukia upande mmoja.

Maana haikuwa nyumba moja. Babita alipoolewa na Randhir Kapoor mwaka 1971 kazi yake ilikoma muda mfupi baadaye. Neetu Singh, aliyeanza kuigiza akiwa mtoto, aliolewa na Rishi Kapoor mwaka 1980 na akajiondoa akiwa kijana bado. Dimple Kapadia ndiye kisa kinachoniuma zaidi. Raj Kapoor alimchukua akiwa binti mdogo, akampa Bobby. Kabla Bobby haijatoka, Machi 1973, Dimple aliolewa na mwigizaji Rajesh Khanna akiwa hajatimiza miaka 16. Picha ikatoka Septemba, nchi nzima ikamwimba, na yeye alikuwa amekwisha kuacha kazi ambayo watu ndiyo kwanza walikuwa wanaigundua. Alirudi baada ya kutengana na mumewe, akacheza Saagar ya mwaka 1985, tena na Rishi Kapoor yuleyule wa Bobby. Rishi katika miaka hiyo kumi na miwili hakuwa amesimama hata siku moja.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna kipande cha habari hii ambacho wengi hawakijui. Mumtaz, aliyeanza kwa nafasi ndogondogo na kwa picha za mieleka pamoja na Dara Singh, akapanda hadi kuwa mwenzi wa Rajesh Khanna katika Do Raaste, Aap Ki Kasam na Roti, aliolewa mwaka 1974 na Mayur Madhvani, wa ukoo wa Madhvani wenye kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja. Ukoo huo ulikuwa umefukuzwa Uganda na Idi Amin miaka miwili kabla. Mumtaz alikuwa na miaka 26, kileleni kabisa mwa kazi yake. Akazimaliza picha alizokuwa amezikubali, akaondoka. Miaka ishirini na moja baadaye Juhi Chawla, binti wa Qayamat Se Qayamat Tak, naye akaolewa na Jay Mehta, mjukuu wa Nanji Kalidas Mehta aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924. Sukari ya Kakira na ya Lugazi imeingia katika chai ya watu wengi waliokuwa wakiwalilia mabinti hawa kumbini. Juhi hakuacha kazi. Aliificha ndoa kwa muda, maana alihofia watayarishaji watamkimbia, na mwaka 1997 alikuwa bado anacheza na Shah Rukh Khan katika Yes Boss. Angalieni hofu hiyo: mwanamke mtu mzima, mwigizaji wa daraja la kwanza, anaficha ndoa halali kana kwamba ni aibu.

Kabla ya waume walikuwapo akina baba. Madhubala alianza kuigiza akiwa mtoto ili familia ipate kula, na baba yake, Ataullah Khan, ndiye aliyetia saini mikataba. Alipokataa binti yake asisafiri kwenda kupiga Naya Daur nje ya Bombay, mwongozaji B. R. Chopra alimweka Vyjayanthimala badala yake, na jambo likafika mahakamani. Dilip Kumar alisimama shahidi upande wa Chopra, na mbele ya hakimu akatamka kwamba anampenda Madhubala. Wakati huohuo wawili hao walikuwa wanaendelea kupiga Mughal-e-Azam, picha iliyochukua zaidi ya miaka kumi kukamilika, wakiwa hawasemezani. Yale macho mnayoyaona katika Mughal-e-Azam ni ya watu wasiopeana hata salamu. Picha ilitoka 1960. Madhubala, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, alifariki Februari 1969 akiwa na miaka 36. Dilip Kumar aliishi hadi Julai 2021, miaka 98, baada ya kazi iliyopita nusu karne.

Meena Kumari pia alianza akiwa mtoto. Mume wake, Kamal Amrohi, alianza kumwandalia Pakeezah katika miaka ya 1950. Walitengana 1964, picha ikalala. Nargis na mumewe Sunil Dutt walivitazama vipande vilivyokuwa tayari, wakawasihi wote wawili waimalize. Kwa hiyo picha iliyotoka Februari 1972 ina nyuso mbili za mtu mmoja: ya mwanamke kijana na ya mwanamke aliyedhoofishwa na ugonjwa wa ini, ambaye katika ngoma nyingine ilibidi Padma Khanna acheze akiwa amejifunika uso. Alifariki tarehe 31 Machi, wiki nane baada ya picha kufunguliwa. Kumbi zilizokuwa zinasuasua zikajaa. Tulimpenda zaidi alipokuwa hawezi tena kuzeeka mbele yetu.

Nije kwenye mwanamke mmoja ambaye sheria hii ya umri haikumpata. Mwaka 1949, Lata Mangeshkar, miaka 20, aliimba kwa niaba ya Madhubala katika Mahal. Kwenye sahani ya kwanza jina lililoandikwa lilikuwa la mhusika, Kamini, na wasikilizaji wakaisumbua redio wakitaka kujua mwimbaji hasa ni nani. Kuanzia hapo sauti ile ikawa sauti ya msichana anayependa: Nargis katika Barsaat, Meena Kumari katika Pakeezah, Jaya katika Abhimaan, Madhuri Dixit katika Hum Aapke Hain Koun mwaka 1994, Kajol katika Dilwale Dulhania Le Jayenge mwaka 1995, Preity Zinta katika Veer-Zaara mwaka 2004. Veer-Zaara ilipotoka alikuwa na miaka 75, na anayeonekana kwenye skrini ni binti wa Lahore. Watu walilia. Moyo wa mtazamaji, kumbe, hauna tatizo lolote na mapenzi ya mwanamke wa miaka 75. Tatizo lilianza pale uso ulipoonekana. Lata hakuolewa, hakusimama mbele ya kamera kama mpenzi wa mtu, na kwa miaka hamsini na zaidi hakuna mtayarishaji aliyemwambia sasa uwe mama.

Sauti hiyo ilifika pwani yetu bila kuhitaji mkalimani. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za picha za Kihindi akazitilia mashairi ya Kiswahili, na watu wakaoana na wakaachana kwa nyimbo hizo wasijue zimetoka picha gani. Miaka hii kijana wa Kimasai wa Tanzania, Kili Paul, amejulikana India nzima kwa kuchezesha midomo juu ya nyimbo za Kihindi. Waziri Mkuu Narendra Modi alimtaja redioni Februari 2022. Anachokifanya Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, ndicho walichokifanya Madhubala na Nargis: kuupa mwili wimbo wa mtu mwingine. Ndiyo maana namtazama kwa heshima.

Na kwa kuwa nimeifika pwani, niseme neno juu yetu. Zanzibar palikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, zanana, na picha za Kihindi ndizo zilizoyajaza. Awaara ya mwaka 1951 ilipendwa Unguja na Dar es Salaam kwa namna ambayo wazee bado wanaisimulia. Wanawake wale walitoka nyumbani, wengi wao walioozwa bila kuulizwa, wakamtazama Nargis akichagua mwenyewe. Nadhani walimwelewa kuliko wasambazaji wa Bombay walivyomwelewa. Nargis alikuwa amezaliwa tarehe 1 Juni 1929. Katika Mother India ya 1957 alikuwa mama wa Sunil Dutt, aliyezaliwa siku tano baada yake. Moto ulipowaka wakati wa kupiga picha, Sunil Dutt ndiye aliyeingia kumtoa; wakaoana 1958. Kwenye skrini Nargis aliyafikia mapenzi, ujane na uzee kabla ya kutimiza miaka 30, kisha, ukiacha Raat Aur Din ya 1967, ikawa imekwisha.

Sasa tazameni ujanja mmoja wa hadithi, kwa kuwa humo ndimo jambo zima linapoonekana. Katika Aradhana ya mwaka 1969, Rajesh Khanna ni rubani anayempenda Sharmila Tagore, anakufa, kisha Rajesh Khanna anarudi tena akiwa mwana wa rubani. Mwanamume amezaliwa upya, kijana yuleyule, na binti mwingine wa kumpenda. Sharmila ni mmoja tu, anawekwa mvi, anatembea taratibu. (Na yeye alikuwa amevunja mwiko: aliolewa Desemba 1968, na Aradhana ikampa tuzo.) Miaka 54 baadaye, Januari 2023, Deepika Padukone anacheza na Shah Rukh Khan katika Pathaan wakiwa wapelelezi wawili wanaotamaniana. Septemba mwaka huohuo, katika Jawan, Shah Rukh ni baba na mwana kwa pamoja, na Deepika ni mke wa mmoja na mama wa mwingine. Shah Rukh alizaliwa 1965. Deepika, 1986.

Yash Chopra aliigeuza kete hiyo mara moja. Katika Lamhe ya mwaka 1991 mwanamume ni mmoja, Anil Kapoor, anayeota mvi. Anayezaliwa upya ni mwanamke. Sridevi ni Pallavi, aliyependwa kimyakimya na kuolewa na mwingine, kisha ni Pooja, binti wa Pallavi, anayempenda mwanamume yule aliyekuwa mlezi wake. Picha ilianguka nchini India. Wapo waliochukizwa na binti kumpenda mlezi, na chukizo hilo lina haki. Lakini wanaume wa makamo wamewapenda mabinti wa umri huo katika mamia ya picha bila mtu kutoka ukumbini. Lamhe ilithubutu kuzitaja mvi za mwanamume kuwa ni mvi, na nadhani hilo nalo liliudhi.

Sridevi aliacha baada ya Judaai ya 1997. Aliporudi mwaka 2012 alikuja na English Vinglish, iliyoandikwa na kuongozwa na mwanamke, Gauri Shinde. Humo Sridevi ni mke mtengeneza laddu anayechekwa na mume na binti yake kwa kutojua Kiingereza. Huko New York Mfaransa mmoja anampenda, na mama huyu anafurahi kupendwa, analisema wazi, kisha anabaki na njia yake, kwa sababu alichokikosa nyumbani ni heshima. Sridevi alikuwa na miaka 49. Nimewaonesha wanafunzi picha hiyo, na wanaokaa kimya zaidi ni wavulana. Tulimpoteza Dubai, Februari 2018, akiwa na mengi mbele yake.

Mambo yamesogea, na ni haki kulisema. Kajol aliolewa 1999 na akabaki mwenzi wa Shah Rukh katika My Name Is Khan ya 2010. Alia Bhatt aliolewa Aprili 2022, akajifungua Novemba, na wimbo wa mapenzi wa theluji ya Kashmir katika Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani aliupiga baada ya kujifungua. Hakuna msambazaji aliyelalamika. Waigizaji wa kike wanaweza sasa kuwa wake na mama nje ya skrini na bado wapendwe ndani yake.

Ila katika picha hiyohiyo ya 2023 kuna wazee watatu ninaotaka mwende mkawatazame. Dharmendra, aliyekuwa na miaka 87, ni babu aliyepotewa na kumbukumbu. Shabana Azmi, aliyekuwa na miaka 72, ni mpenzi wake wa zamani, na babu akimsikia anakumbuka. Wanaimbiana nyimbo za ujana wao, wanabusiana, na kumbi za India zilipiga makofi. Mke halali wa babu huyo, bibi mkali asiyecheka, anayeitawala nyumba kwa chuki, ni Jaya Bachchan. Mwaka 1971, katika Guddi, Jaya alikuwa mwanafunzi aliyezimia kwa mapenzi ya mcheza sinema mmoja, na mcheza sinema huyo, kwa jina lake halisi, alikuwa Dharmendra. Mwongozaji Karan Johar alilijua hilo alipowachagua. Amempa Shabana mapenzi ya uzeeni, jambo ambalo sinema ya Kihindi ilikuwa haijamfanyia mwanamke kwa ukubwa ule, na Jaya akampa hasira. Jaya ameicheza hasira hiyo vizuri sana. Mimi nataka picha inayofuata impe yeye wimbo.